Mvua Ilitufungia Ndani

Wazazi wenzangu, mwalimu mkuu aliniomba nizungumze nanyi kabla masika haijaanza. Nilikubali kisha nikaogopa, maana nikisimama mbele ya watu wazima maneno hunikauka kinywani. Kwa watoto siogopi. Kwa hivyo nimeyaandika, na mnisamehe nikisoma badala ya kusema.

Jina langu ni Dama. Wengi wenu mnaniita Mwalimu Dama au Mama Mbeyu. Nilizaliwa bara ya Kaloleni, nikaolewa na Karisa, tukaja kupanga chumba hapa Magongo. Karisa anafanya kazi kwenye godauni la chai. Mimi nafundisha chekechea ya kanisa, pale chini mteremkoni. Masika ninayotaka kuwasimulia ilipokaribia, Mbeyu, binti yetu wa kwanza, alikuwa na miezi minane. Nilikuwa mzima. Tangu nizae sikuwa nimeugua hata kichwa, na nilikuwa napanda ule mteremko na mtoto mgongoni, ndoo ya uji mkononi, wala sipumziki njiani.

Darasa letu mnalijua. Ni chumba kimoja cha mabati chenye mlango mmoja na madirisha mawili yanayotazama kusini. Miezi ya joto hatukulitumia sana. Ndani mlikuwa kama tanuri, kwa hivyo asubuhi tulitoa mikeka, tukakaa kivulini kwenye ukuta wa kanisa. Tuliimba, tulihesabu, tulichora herufi kwenye mchanga. Watoto walikuwa thelathini na wanane, lakini nje walitawanyika na nafasi ilitosha. Walikuwa na vumbi na vipele vya joto. Zaidi ya hapo sikumbuki ugonjwa wa kusema.

Kisha masika ikaingia. Mwaka huo ilianza kwa nguvu. Upepo wa kusi uliisukuma mvua moja kwa moja madirishani, ikalowesha mikeka, vitabu na watoto waliokaa nyuma. Siku ya tatu mtoto mmoja aliteleza kwenye maji akapasuka mdomo. Wazazi wakaja juu. "Mwalimu, watoto watapata nimonia humu ndani!" Nami niliona wana haki. Mzazi mmoja seremala alileta misumari na nyundo, mimi nikanunua karatasi nzito ya nailoni, na siku hiyo hiyo mchana tukaziba madirisha yote mawili. Tulipigilia misumari kila pembe. Mlango nao tulianza kuufunga, tukaweka jiwe kwa ndani ili upepo usiupige.

Darasa likakauka. Nilijisifu moyoni. Wazazi walinishukuru, mmoja akaniletea mahamri.

Nawaeleza jinsi mlivyokuwa mle ndani, kwa sababu wakati ule niliona bila kuelewa. Watoto thelathini na wanane walikaa bega kwa bega, magoti yao yakigusana. Kufika saa nne mabati yalitoka jasho kwa ndani, matone yakatudondokea. Hewa ilikuwa na harufu ya nguo mbichi, uji na pumzi. Mtoto mmoja akikohoa, mwenzake alipokea kikohozi usoni. Tulikaa hivyo wiki nzima, kuanzia saa mbili mpaka saa saba. Kila mtu alikuwa na kamasi. Tulisema ni mafua ya mvua, na kweli mengi yalikuwa mafua tu.

Jumatatu moja Mama Mwende alimleta binti yake akiwa amembeba. Mama Mwende ametoka Machakos na anashona nguo kiwandani. Mwende alikuwa na miaka minne. Macho yake yalikuwa mekundu na yakitoa machozi, na alikuwa moto.

"Mama Mwende, mtoto huyu anaumwa," nilimwambia.

"Ni homa ya hii mvua tu, Mwalimu. Jana alinyeshewa. Nimempatia dawa, saa hii tu atakuwa sawa."

"Huwezi kukaa naye leo?"

"Nikikosa leo nitapata mtu mwingine kwa mashine yangu. Nisaidie, Mwalimu."

Nilimpokea. Asubuhi nzima nilikaa naye mapajani, kichwa chake kifuani mwangu, huku nikifundisha. Alikohoa, nikampangusa pua kwa leso yangu. Hakuweza kutazama mlangoni kila ulipofunguliwa. Mwangaza ulimuumiza, akawa anaficha uso kwapani mwangu. Kesho yake hakuja. Kesho kutwa hakuja. Nilituma salamu, nikajibiwa kwamba ana homa na amepelekwa kwa shangazi yake Mikindani. Basi nikaendelea na kazi.

Siku kama kumi zikapita. Jumanne niliamka nikiwa na maumivu ya kichwa nyuma ya macho. Mwili ulikuwa mzito, nikahisi baridi ilhali Karisa analalamika joto. Nikadhani ni malaria, maana mvua na mbu huja pamoja. Nilinunua dawa dukani nikaenda kazini. Siku hiyo watoto tisa hawakuja. Jumatano hawakuja kumi na watatu. Kila mzazi niliyempigia simu alisema neno lile lile: homa, kikohozi, hii mvua. Nami nikawaambia, "Ndiyo, hii mvua." Wallahi, nilikuwa nikijibu hivyo huku natetemeka.

Alhamisi sikuweza kuamka. Kikohozi kilikuwa kikavu, kikinivuta mbavu. Macho yalijaa tongo mpaka asubuhi nikayafungua kwa maji ya vuguvugu. Nilimwomba Karisa atundike shuka mlangoni kwa sababu mwanga ulikuwa ukinichoma. Ndani ya mashavu nilihisi ukwaruzo, na nilipojitazama kwenye kioo kidogo nikaona vitone vyeupe, vidogo kama chembe za chumvi. Tumbo likaanza kuendesha. Na siku zote hizo nilikuwa nikimnyonyesha Mbeyu. Alilala ubavuni mwangu, nikimkoholea kichwani.

Ijumaa Karisa alipoleta chai alisimama na kikombe mkononi, asiniwekee.

"Dama, umekula nini? Uso wako umefanya nini?"

Nilipapasa. Nyuma ya masikio na kwenye paji la uso ngozi ilikuwa na ukwaruzo kama mkeka. Kufika jioni vipele vilikuwa vimeshuka shingoni na kifuani, vimeshikana. Nikasema ni mzio wa dawa.

Karisa alimpigia simu mamangu, akafika Jumamosi asubuhi. Mamangu ni mtu wa maneno machache. Aliingia, akalifunua lile shuka la mlangoni mwanga ukaingia, akanishika kidevu, akanitazama nyuma ya sikio. Kisha akamchukua Mbeyu kutoka kitandani kabla hata ya kuniamkua.

"Hii ni shurua," alisema.

"Mama, shurua ni ya watoto."

"Naijua. Mimi iliniacha, dadangu ikamchukua. Karisa, tafuta gari. Mtoto nakaa naye mimi, hainipati tena mimi."

Mvua ilikuwa ikinyesha. Gari la kuingia kwetu halikupatikana, njia ilikuwa imejaa maji na taka mpaka magotini. Karisa na jirani walinibeba kwenye kiti cha plastiki mpaka barabara kuu, nimefunikwa turubai. Nakumbuka nilijiendea haja njiani, kwenye kile kiti, na sikuwa na nguvu hata ya kuona haya. Tulipata tuktuk pale juu. Nilipoanza kuvuta pumzi ndani ya tuktuk, pumzi ilifika shingoni ikarudi.

Hospitalini walinitoa haraka kwenye foleni, wakanipeleka chumba cha mwisho cha wodi ya wagonjwa wa kuambukiza. Vitanda vingine vyote vilikuwa vya watoto. Nilikuwa mtu mzima peke yangu, miguu ikining'inia nje ya kitanda kifupi. Daktari alikuwa kijana. Alinisikiliza kifua mbele na nyuma, akasema, "Shurua imeshuka kwenye mapafu. Yote mawili." Wakaniwekea mipira ya hewa puani na sindano ya mshipa. Walinipa pia matone ya vitamini, ambayo nilidhani ni ya watoto tu.

Siku tatu za mwanzo sina la kusimulia isipokuwa pumzi. Kila pumzi ilikuwa kazi. Niliikusanya, nikaivuta, nikapumzika, nikaanza tena. Mbavu zilinichoma kama zimevunjika. Midomo ilipasuka, ulimi ukawa na vidonda, sikuweza kumeza mate. Matiti yalijaa maziwa yakawa magumu kama mawe, na hapakuwa na mtoto wa kuyanyonya. Muuguzi aliyekuwa zamu alinikamua kwa mkono, taratibu, huku nikilia kwa maumivu. Huyo ndiye Sista Zainabu, mama wa makamo, mzaliwa wa Kisauni. Aliniita mwanangu tangu saa ya kwanza.

Siku ya nne niliweza kusema sentensi nzima bila kupumzika. Ndipo akavuta kiti.

"Mwanangu, ulichanjwa shurua utotoni?"

"Sijui, Sista. Nafikiri nilichanjwa."

"Tumuulize aliyekuzaa."

Alimpigia mamangu kwa simu yake, akaiweka sauti ya juu. Mamangu akasema, "Zile za mwanzo ulipata zote. Ile ya miezi tisa tulitoka, mimi na wewe mgongoni, tukafika mtoni tukakuta umejaa. Tukarudi. Wiki ya pili ulikuwa ungali umejaa. Kisha shamba likanishika, nikasema nitakwenda. Sikwenda."

"Waliokuja shuleni kuchanja?" Sista aliuliza.

"Alikuwa ameshavuka umri wao."

Sikumlaumu. Nilimwona tu akilini, akiwa na umri mdogo kuliko wangu wa sasa, amesimama ukingoni mwa mto na mtoto mgongoni. Fikira za Sista Zainabu zilikuwa zimeshafika mbali zaidi yangu. Alisema simuni, "Mama, nawe mlete yule mjukuu leo. Achanjwe kabla ya umri wake, kwa kuwa amelala na mgonjwa. Huenda tumechelewa, lakini mlete."

Mbeyu alichanjwa jioni ile. Sikumwona.

Kesho yake daktari na Sista walikuja pamoja kuniuliza habari za darasa, kwa sababu watoto watatu waliolazwa wodi ile walivaa sweta za shule yetu. Niliwajua wote watatu. Niliwasikia wakikohoa nyuma ya ukuta, na mmoja nilimtambua kwa kikohozi chake.

"Ni hii mvua," nikasema. "Tangu ianze hatujapumzika."

Sista Zainabu aliguna. "Mvua haina shurua ndani yake, mwanangu. Ungekaa mvuani peke yako mwezi mzima ungepata mafua ya kunyeshewa, pengine hata hayo usiyapate. Shurua hutoka kwa mtu. Hutoka kwa pumzi na kikohozi, ikaelea hewani. Mgonjwa anaweza kutoka chumbani, na anayeingia baada ya saa nzima akaipata. Sasa niambie. Mvua ikinyesha, watoto hukaa wapi?"

"Ndani."

"Wangapi?"

Nikamwambia.

"Madirisha je?"

Niliziona zile karatasi za nailoni, misumari kila pembe, na jiwe mlangoni. Niliona watoto wakipumua hewa ile ile, asubuhi nzima, wiki nzima, na Mwende katikati yao kwenye mapaja yangu.

"Niliyaziba," nikasema. "Niliyaziba mwenyewe."

Daktari akatazama karatasi zake. Sista Zainabu hakuniambia usijali, na namshukuru kwa hilo. Alisema, "Uliwakinga na kitu ulichokiona. Hiki kingine hakionekani. Sasa umekijua." Kisha akaeleza kwamba kila majira yana njia yake ya kutukusanya. Mvua hutufungia ndani na huchanganya maji ya choo na maji ya kunywa, ndipo kukawa na vikohozi na kuhara. Kiangazi nacho maji yakipungua watu hawaoshi mikono, na sikukuu zikija watoto wa ndugu hulala kitanda kimoja, tetekuwanga ikapita humo humo. "Hali ya hewa haituui," alisema. "Tunayoyafanya kwa sababu yake ndiyo ya kuangalia."

Karisa alikuwa haruhusiwi kuingia. Alisimama dirishani kila alasiri akitoka godauni, tukaongea kwa ishara na simu.

"Mbeyu hajambo?"

"Hajambo."

"Anakula?"

"Anakula."

Siku ya nane nilimwomba anisikilizishe sauti yake kwa simu. Alisema amelala. Siku ya tisa alisema amelala. Siku ya kumi nikamwambia, "Karisa, mtoto gani analala kila nikimwuliza?" Aligeuza uso, akasema mvua inakuja, akaondoka. Hakukuwa na wingu.

Nilimwuliza Sista Zainabu. Alikuwa akinifunga bandeji ya mshipa, akaendelea kufunga. "Upone kwanza," alisema. Hapo nikajua. Sikulala vizuri tena, na naamini kilichonifanya nile ule uji wa hospitali na kuanza kutembea nikishika ukuta ni ile hamu ya kwenda kumwona aliye hai au kuambiwa aliyezikwa. Samahani, nasema kama ilivyokuwa.

Nilitoka baada ya wiki mbili na siku mbili. Nilikuwa nimekonda hadi gauni likanizunguka, nywele zinatoka kwa mafungu, ngozi ya mikono inabambuka kama ganda la kitunguu. Jua lilikuwa limetoka. Mamangu alikuwa ameketi kizingitini na Mbeyu mapajani, amemvua nguo, anampaka mafuta ya nazi.

Alikuwa hai. Lakini sikumjua. Mapaja yake yalikuwa yamelegea, macho makubwa usoni, na mwili mzima unabambuka kama wangu. Nilikaa chini pale pale mlangoni. Mtoto alinitazama kama mgeni, akageukia kifua cha mamangu.

"Ilimpata siku ya saba ya kulazwa kwako," mamangu alisema. "Homa, macho, vipele, kuhara. Nilimpeleka dispensari siku ile ile. Walimpa matone yale ya vitamini, na kesho yake tena. Walisema pengine ile sindano imempunguzia, pengine haikumpunguzia, hawajui. Nilimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Kijiko kimoja, nahesabu mpaka ishirini, kijiko kingine."

"Na mlinificha."

"Nilimkataza Karisa. Ungejua, ungeng'oa ile mipira ya hewa ukaja. Nikazike wawili?"

Siku ile sikumsemesha kabisa, na yeye hakunibembeleza. Alipika, akafua, akaniwekea maji ya kuoga. Kesho yake asubuhi nilimkuta akifanya vile vile, kijiko, anahesabu mdomoni bila sauti, kijiko. Nikaona vidole vyake vimefanya sugu pale kijiko kinapokaa. Nikasema, "Mama, nipe nami nihesabu." Akanipa kijiko. Hatukulirudia tena jambo lile.

Maziwa yangu yalikuwa yamekauka. Sista Zainabu alikuwa ameniambia nimweke mtoto titini kila mara hata kama hakuna kitu, na ninywe uji na supu. Siku ya tano yalirudi machache. Wiki ya pili Mbeyu alinyonya mpaka akalala.

Sasa niseme ya darasa. Watoto kumi na wanne waliugua. Hakufa hata mmoja, na kila Jumapili nashukuru. Wengi wa waliopona kwa urahisi walikuwa wamepata chanjo zote mbili au moja. Hawa waliolazwa, kadi zao za chanjo zilikuwa na nafasi tupu. Lakini Mwende, aliyeanza kuugua, shurua ilimwingia masikioni. Sikio la kushoto lilitoka usaha mwezi mzima, na lilipokauka likawa halisikii.

Nilipopata nguvu za kutembea nilikwenda kwa Mama Mwende. Nilitaka kumwambia kwa mdomo wangu habari ya madirisha. Nilipumzika mara nne njiani. Aliponiona mlangoni akaanza kulia kabla sijaketi.

"Mwalimu, nisamehe. Nilijua utakuja. Mimi ndiye nilimleta na homa. Nilikuona tu umembeba, na nikaenda kazi. Wewe karibu ufe, mtoto wako karibu afe, wale wengine wote..."

"Mama Mwende, mimi nimekuja kukuomba msamaha wewe. Mimi niliziba madirisha."

Alinitazama kama hajanielewa. "Si sisi ndio tulikuambia uzibe?"

Mwende alikuwa sakafuni akipanga vifuniko vya chupa. Mamake alimwita kutoka upande wa kushoto, hakugeuka. Alimwita tena. Ilibidi amguse begani. Hilo ndilo sikuweza kulivumilia, nikalia mimi sasa. Mama Mwende akaenda akaniletea maji.

Hatukusameheana kwa maneno siku ile. Tulikaa tu mpaka adhuhuri. Nilipoinuka aliniuliza, "Shule ikifunguliwa utampokea?" Nikamwambia atakaa mbele, upande ambao sikio lake zima litanielekea. Ndipo anapokaa hadi leo. Anajua kusoma silabi zote, na akiona sijamsikia yeye, hunivuta gauni.

Nailoni niliitoa kwa mikono yangu. Yule seremala alirefusha paa upande wa kusini kwa mabati mapana, sasa mvua inashuka nje na madirisha yanabaki wazi. Masika iliyofuata mzazi mmoja alinijia amekasirika. "Mwalimu, watoto wanapigwa na baridi, unawaua!" Nilimwambia amvalishe mwanawe sweta mbili. Hajaridhika, lakini mtoto wake hajakosa shule. Mafua bado yanatupata, sitawadanganya. Na mwaka jana choo cha jirani kilifurika, watano wakahara kabla hatujaanza kuchemsha maji ya uji na ya kunywa. Hatuwezi kuizuia mvua. Tunaweza kukaa vizuri ndani yake.

Mwili wangu haukurudi wote. Ule mteremko naupanda kwa kupumzika, na kifua hukaza kukiwa na ubaridi. Mbeyu anakaribia miaka mitatu, mnamwona anavyokimbia. Namshukuru Mungu. Namshukuru Karisa na jirani waliobeba kile kiti. Namshukuru mamangu, na Sista Zainabu, ambaye amestaafu na bado hunipigia simu mvua ikianza, ananiuliza, "Madirisha?"

Niliyotaka kuwaomba ni haya. Mtoto akiwa na homa na macho mekundu, usimlete, hata kama kazi inakubana. Nipigie simu, tutafute jirani wa kukaa naye. Mama Mwende ana majina ya akina mama waliokubali kushikana zamu, na kadi za watoto wao zote zimekamilika. Vyumbani kwenu, mvua ikinyesha, acheni penye kupitia hewa, hata kama ni upenyo wa kiganja. Kadi ya mtoto itazameni leo mkifika nyumbani, msitegemee kumbukumbu. Nafasi ikiwa tupu, nendeni.

Na wewe mtu mzima uliyekaa hapo ukidhani hili ni jambo la watoto, nami nilidhani hivyo. Mpigie mamako umwulize kama ulichanjwa. Kama hakumbuki, au hayupo tena wa kumwuliza, nenda dispensari uwaambie hujui. Hawatakucheka. Mimi nimesema neno hilo hilo nikiwa kitandani, na ningependa wewe ulisemee mlangoni, umesimama kwa miguu yako.